Dhumma Moja, Maneno Mawili

Jana mjukuu wangu kanionyesha daftari lake la shule. Kaandika o, kaandika u, kila moja na sura yake. Nikamuuliza mbona hazifanani, akanicheka. Nawe cheka ukipenda, mwenzangu, lakini mimi jana sikula.

Sisi kwenye chuo chetu cha Kurani Kiegeani, wakati wa Mdachi, tulikiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wino wetu ulikuwa wa masizi, vidole vinanuka moshi mpaka kwenye wali. Mwalimu alitufunza kuunganisha: herufi nyingi hushikana mikono pande zote mbili, ila ziko sita hazimshiki wa mbele yao hata kwa dawa. Aliziita wachoyo sita. Juu ya herufi ukiweka dhumma, alama ile ile moja, u ndiyo hiyo na o ndiyo hiyo. "Kuunganisha ni kazi ya mkono," alikuwa akisema, "kusoma ni kazi ya akili. Neno likiwa na nyuso mbili, waulize jirani zake."

Bibi aliyenilea hakujua kusoma. Alinitania "mke mwenzangu", na kisimani alijigamba kwamba nyumba yake ina msomi. Mwanawe wa mwisho, mjomba wangu, alikuwa akifanya kazi Kilwa. Asubuhi moja bibi akikuna nazi, baharia akatuletea barua ya rafiki wa mjomba. Alikataa kuketi, akakataa hata maji, akaenda zake bila kututazama usoni. Niliona. Mwalimu alikuwa kavuka kwenda kisiwa cha Juani msibani, basi nikasoma mimi.

"Ndugu yetu ameoa mwana wa watu. Wenyewe hawatangoja sana. Njooni upesi mumsimamie."

Bibi alipiga kigelegele, mikono imejaa nazi. "Soma tena, mke mwenzangu." Nikasoma tena, kwa sauti kubwa zaidi. Pale penye "hawatangoja" nilikwama kidogo. Harusi gani isiyomngoja mama? Lakini nilitaka pilau, nilitaka niwe mimi niliyeileta harusi ile nyumbani. Nikaikunja barua.

Bibi akaanza kusuka mkeka wa miyaa ya rangi. Jirani yetu alimhimiza asafiri kwanza. "Mwanangu haolei juu ya mkeka wa kuazima," bibi akamjibu. "Haraka haraka haina baraka." Nyumba ikanuka iliki, wanawake wakiimba, na mimi kila siku naikunjua barua kuitazama ile dhumma, kisha naikunja.

Siku ya tisa mwalimu akarudi. Aliisoma kimya, akaketi chini mchangani. "Mama," akasema, "hapa si ameoa. Ameua."

Bibi aliondoka siku ile ile, mkeka kwapani kwa kusahau kuuweka. Kumbe wenye maiti walikubali kungoja siku saba mtu wa kwao mjomba afike kuwaomba radhi. Hakufika mtu, wakampeleka bomani, na Mdachi akamnyonga. Bibi alikuta kaburi.

Hakunigombeza hata siku moja. Ila mke mwenzake hakuniita tena mpaka anakufa. Mkeka ule ulikaa darini miaka yote, na ndio tuliomlazia.

Chuo kile kimeanguka, wachoyo sita hakuna anayewajua tena. Jana nilimwambia mjukuu wangu aniandikie ameoa, kisha aniandikie ameua. Kayaandika mara moja, wala hakumuuliza jirani.