Tathmini Niliyoiandika Jumapili

Sehemu ya mwisho ya andalio la somo huitwa tathmini. Ni mistari minne mitupu chini ya karatasi, ambamo mwalimu, akishatoka darasani, anaeleza wanafunzi wake wameelewa nini na hawajaelewa nini. Mimi niliijaza Jumapili mchana, siku mbili kabla ya kuingia darasani, kwa wino wa bluu na mwandiko niliojivunia: "Somo limefanyika vizuri. Wanafunzi wengi wameelewa."

Haukuwa uvivu. Nilikuwa na shahada ya uzamili katika Kiswahili, nikisomea stashahada ya ualimu, na ile ilikuwa wiki yangu ya nne ya mazoezi katika shule ya sekondari ya kata iliyo ng'ambo ya reli, upande wa Ihumwa. Niliijaza kwa sababu pale kila mwalimu aliijaza. Maandalio yote ya wiki yalitakiwa kufika kwa mwalimu wa taaluma Jumatatu asubuhi, naye hakuwa mtu wa kusaini karatasi yenye pengo.

"Andika kabisa, mwanangu," alikuwa ameniambia Ijumaa mwalimu mlezi wangu, mama wa Kondoa aliyeanza kushika chaki kabla sijazaliwa.

"Na wasipoelewa, mama?"

"Kwani utaandika 'wote'? Utaandika 'wengi'. Nani atawahesabu?"

"Mwacheni," akadakia mwalimu wa Fizikia. "Mwenye masta anataka kufanya utafiti kwanza."

Ofisi nzima ikacheka, nami nikacheka nao. Jumapili nikaketi nikapima, kwa muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyostahili, kama neno "baadhi" lisingekuwa la kweli zaidi ya "wengi".

Nilikuwa na sababu ya kupimapima maneno. Wiki mbili nyuma mhadhiri kutoka chuoni alikuja kunikagua mara ya kwanza. Nilifundisha dakika themanini nikiutazama ubao, na nikawaeleza watoto wa kidato cha kwanza mambo niliyoyaandika katika tasnifu yangu. Kwenye fomu aliandika sentensi moja: "Mwalimu anajifundisha mwenyewe." Sentensi hiyo ilinitikisa kuliko maswali yote niliyoulizwa siku ya kutetea tasnifu. Ukaguzi wa pili ndio ungeamua. Nikifeli, ningerudia mazoezi mwaka unaofuata, na stashahada ingenisubiri.

Alirudi Jumanne bila taarifa. Alichukua faili langu la maandalio mezani, akaenda nyuma darasani, akabanana na wasichana wawili waliokuwa wakitumia meza moja. Darasa lilikuwa na wanafunzi themanini na saba na vitabu kumi na kimoja. Safari hii, hata hivyo, nilikuwa nimejiandaa. Niliwatazama wanafunzi. Nilizungumza polepole. Mada ilikuwa barua rasmi, na ubaoni niliandika mfano niliokuwa nimeutunga kwa uangalifu: mwanafunzi anamwomba mkuu wa shule ruhusa ya kwenda kumwona bibi yake mgonjwa huko Mpwapwa.

"Tuko pamoja?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Mabati ya paa yalitetemeka. Nikamtupia jicho mhadhiri. Alikuwa amefika ukurasa wa mwisho wa andalio. Akaitazama saa yake, akanitazama mimi, kisha akairudia ile mistari minne. Kipindi kilikuwa kimebakiza nusu saa.

Ningeweza kuendelea kana kwamba sijaona. Ningeweza pia kumweleza baadaye habari za mwalimu wa taaluma na Jumatatu zake, na maelezo hayo yangekuwa ya kweli kabisa. Nilianza kuyapanga kichwani, hoja ya kwanza, hoja ya pili, mpaka nikasikia jinsi yalivyopangika vizuri, nikayaacha. Nikapita kwa ubavu katikati ya meza hadi nyuma.

"Dokta, naomba hilo faili mara moja."

Akanipa. Nikaikata ile tathmini kwa mstari mmoja, ili iliyokatwa iendelee kusomeka, nikaligeukia darasa.

"Jumapili niliandika hapa kwamba wengi wenu mmeelewa somo la leo. Leo ni Jumanne. Nilijuaje?"

Sauti ikatoka kwa mmoja aliyekaa dirishani: "Uliota, mwalimu!"

"Pengine. Sasa tuone kama niliota kweli. Fungueni madaftari. Kila mmoja aandike barua ya kumwomba mkuu ruhusa. Dakika kumi."

Waliandika. Nikapita kusoma. Daftari la kwanza: bibi mgonjwa, Mpwapwa. La pili: bibi mgonjwa, Mpwapwa. Kufikia la tisa nilijua nimepata jibu langu.

"Hivi darasa hili lina bibi wagonjwa wangapi?"

"Na wote wako Mpwapwa!" alisema yule wa dirishani.

"Basi la Mpwapwa litajaa!" akaongeza mwingine.

Msichana aliyekaa karibu na mhadhiri akainua mkono. "Mwalimu, bibi yangu mimi ni mzima. Saa hizi yuko nyumbani anamenya karanga."

"Sasa mbona umemfanya mgonjwa?"

"Aliyemfanya mgonjwa ni wewe, mwalimu. Pale ubaoni."

Wakacheka mpaka wengine wakalalia meza. Nilisubiri watulie. "Wewe ungeomba ruhusa ya nini?"

"Alhamisi ni zamu yetu ya maji kisimani. Nachelewa kipindi cha kwanza, napigishwa magoti nje."

"Mkuu anajua sababu?"

"Sijamwambia."

"Mwandikie."

Nikafuta ubao. Nilibakisha anwani, salamu na nafasi ya sahihi. Bibi wa Mpwapwa nikamwondoa. Kengele ilipolia, wengi hawakuwa wamemaliza, na hakuna aliyeinuka.

Kivulini, kando ya stoo, mhadhiri alisoma tathmini niliyoiandika upya: "Wanafunzi wanajua umbo la barua. Kiini wamenakili. Kosa ni la mfano wa mwalimu. Kipindi kijacho kila mmoja amalize kuomba jambo lake."

"Huu mstari uliokatwa," alisema, "ungekurudisha mwakani. Huo peke yake."

"Najua, Dokta."

"Umeukata kwa sababu nimeuona?"

Hakukuwa na jibu zuri, kulikuwa na la kweli. "Ndiyo. Usingeuona, nisingeukata."

Akacheka kidogo, akajaza fomu mbele yangu. Nilifaulu. Kwenye nafasi ya maoni aliandika: "Mwalimu ameanza kuwasikiliza." Nimeitunza fomu hiyo pamoja na ile ya kwanza, kwa sababu moja bila nyingine haina maana.

Jumatano barua ya yule msichana ilifika mezani kwa mkuu. Alhamisi aliingia darasani kipindi cha pili, magoti yake hayana vumbi.

Jumatatu iliyofuata nilipeleka maandalio yangu kwa mwalimu wa taaluma. Akayageuza, akasimama kwenye ukurasa wa mwisho.

"Mwalimu, huku chini hujamaliza."

"Nitamaliza kesho, mwalimu, baada ya kipindi."

Akaweka kalamu ya wino kando, akatafuta penseli kwenye droo, akasaini.

Kesho yake nilimrudishia karatasi ikiwa imejaa. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, akaifuta penseli, akaweka wino.