Samaki Marufuku Siku za Zamu

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha chai karibu na Ikonge, kwa Wakisii, Msimamizi wa Zamu hakuniuliza cheti. Alinisogelea, akaninusa shati, akauliza nimekula nini. Nikamwambia samaki. Mimi ni mzaliwa wa kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria, na nilikuwa nimetoka nyumbani na furushi la samaki wakavu.

"Kijana, saa iko ukutani, kila mtu anaisoma," akasema. "Wewe nakupa kazi ya pua. Samaki usile siku za zamu."

Ninyi vijana mnaobonyeza vitufe huenda mkacheka. Wakati wetu majani yalinyaushwa kwanza, yaani yalipulizwa hewa hadi yalegee, kisha yakasagwa na kuletwa kwangu yachachuke. Nilichota konzi moja, nikanusa. Harufu ikiwa ya nyasi mbichi, bado. Ikifanana na ya tunda bivu, na kijani kimegeuka rangi ya shaba, napaza sauti yapelekwe kwenye kikaushio. Ukichelewa, chai imekufa, na hakuna meneja wa kuifufua.

Baadaye nilihamishiwa kiwanda cha upande wa Marani, chini ya Meneja wa Uzalishaji aliyekuwa na mdomo mchungu. "Mtu wa ziwani, leo pua imelala?" alikuwa akiniuliza mbele ya wote. Nikarudi Ikonge nikiwa msimamizi mwenyewe. Nikamwoa Kwamboka, tukanunua shamba, na samaki wakatoweka mezani kwetu bila mtu yeyote kuamua.

Mwaka huu, nimeshastaafu, dada yangu Akinyi alinipigia simu. "Owadwa, ndugu yangu, boma la baba limeota magugu. Huna nyumba hapa. Siku yako tutakulaza wapi?"

Kwetu mwanamume asiyejenga bomani hata kulala humo hawezi, sembuse kuzikwa. Nikaenda kwa siku chache, nikalala gesti ya sokoni, karibu kabisa na nyumba niliyozaliwa. Watoto wa marehemu kaka waliniamkia, "Shikamoo, Mkisii." Sikujua nicheke au nikasirike. Ikonge miaka yote hii naitwa mtu wa ziwani.

Akinyi alinipikia ngege mzima, kichwa kimenielekea, na ugali wa mtama. Nilimega tonge, harufu ikanipanda, nikaliweka chini. Akaona.

"Hata samaki?"

"Ni kazi, dada. Kazi ilinikataza."

"Kazi si iliisha?"

Nikala, hadi kichwa, machozi yakinilenga, na hadi leo sijui yalikuwa ya mwiba, ya harufu, au ya dada yangu, sasa mama mzee, aliyekuwa akitafuna mdomo mtupu huku akiniangalia. Nilipomaliza nikamwambia nitajenga. Nilikuwa namaanisha.

Niliporudi, Kwamboka alinipokea langoni akiwa bado na kikapu cha majani mgongoni.

"Baba Moraa, wamekuambia ujenge?"

"Wameniambia."

"Sasa mimi siku yangu mtanivukisha maji, nilale na watu hawajui lugha yangu? Na hii shamba tumelima pamoja?"

Nikamwambia hapana, mama, tutalala hapa sote wawili, pale kando ya migomba. Hilo nalo nilikuwa namaanisha.

Basi nimeahidi kaburi moja pande mbili, na njia ya mwongo ni fupi. Lakini natafuta uongo wangu uko wapi, siuoni. Nilizoea kazi ambayo majibu yake ni matatu tu: bado, tayari, imepita. Sasa kila asubuhi naketi kibarazani, na sijui lipi kati ya hayo ndilo langu. Naogopa kwamba nikikawia, watu wataamua nikiwa sina kauli.

Kwamboka alilichukua shati langu la safari kwenda kulifua, akakunja uso. "Hii inanuka samaki," akasema.

Na Akinyi, aliponikumbatia kuniaga, alikuwa ameniambia nanuka majani makavu ya chai.

Nikamwomba Kwamboka anipe lile shati. Nikalinusa kola, kwapa, mikono, taratibu, kama nilivyofundishwa. Halikunuka kitu.