Maziwa Kwenye Skrini

Katika miaka ya sitini nilikuwa msaidizi wa chumba cha eksirei katika hospitali ndogo iliyozungukwa na majani chai, upande wa Kericho. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kazi hiyo ilinivimbisha kichwa.

Watu wengi wanajua eksirei ya filamu, picha iliyotulia kama ya harusi. Tulikuwa na mashine nyingine iliyoonyesha mwili ukifanya kazi. Mgonjwa alisimama kati ya bomba la miale na skrini iliyopakwa dawa inayong'aa miale ikiigusa. Mfupa ulizuia miale, kivuli kikatokea. Daktari aliona moyo ukidunda saa ile ile. Tumbo halina mfupa, kwa hiyo mgonjwa alinywa uji mweupe wa bariamu, ambao miale haiupenyi, nasi tukautazama ukishuka. Mwanga wa skrini ulikuwa hafifu sana, hata daktari alivaa miwani mekundu karibu nusu saa kabla, ili macho yake yazoee giza.

Kazi yangu ilikuwa kukoroga uji, kuzima taa na, kabla ya yote, kumuuliza mgonjwa kama kuna chochote kilichopita kooni tangu jana.

Siku moja aliingia baba mkwe wangu. Tumbo lilikuwa limemsumbua miezi mingi. Alikuwa ametoka kwake Roret jana yake, akalala kwangu kwenye nyumba za wafanyakazi, nami nikatangulia kazini alfajiri. Kwetu mtu hamhoji baba wa mkewe mambo ya tumbo lake. Nilipompa kikombe niliona mstari wa kijivu kwenye masharubu yake: mursik, maziwa yetu ya mgando yenye mkaa. Daktari, nyuma ya miwani yake mekundu, hakuuona.

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza, daktari."

Nikazima taa.

"Mzee, meza," daktari akasema.

"Hii si ndiyo chokaa ya kupaka nyumba?" baba mkwe akanung'unika. "Kumbe binti yangu aliolewa na fundi wa kuta!"

Daktari hakucheka. Uji ulijaza tumbo, mweusi kwenye skrini, ila mahali pamoja ulikizunguka kitu.

"Kuna uvimbe," alisema polepole. "Itabidi aende Nairobi, apasuliwe."

Jioni nilimuuliza mke wangu alichompa baba yake asubuhi.

"Nilimpa kibuyu kizima," alisema. "Ulitaka baba yangu atoke kwangu na njaa?"

Ilinipasa nirudi kwa daktari usiku ule ule. Nilikaa siku nne, nikiogopa kufukuzwa kazi. Siku ya tano shemeji yangu alipita akielekea sokoni, akaniambia mzee ameita wanawe wote na kuwagawia ng'ombe wake wote, asije akafia kwenye kisu cha Nairobi na kuwaachia ugomvi. Hapo ndipo nilipokwenda kusema ukweli: sikumuuliza, na huenda ule uvimbe ulikuwa mabonge ya mursik.

"Mlete tena," daktari alisema, "na safari hii uliza."

Baba mkwe alirudi na tumbo tupu. Uji ulishuka, ukatandaa laini mpaka pembeni, bila pengo lolote. Palikuwa na kidonda kidogo tu, cha kutibiwa kwa dawa.

"Sasa ule uvimbe ulikwenda wapi?" aliniuliza nje, akifunga vifungo vya koti.

"Mashine ilikosea, baba."

"Basi iambie inirudishie ng'ombe wangu," alisema, akacheka.

Ng'ombe hawakurudi. Kwetu mzee akishagawa hanyang'anyi. Aliishi miaka mingi baadaye, na kila asubuhi alituma kibuyu chake kwa wanawe kuomba maziwa. Siku nyingine kilirudi kimejaa, siku nyingine nusu. Nilikikuta mara nyingi kikining'inia mlangoni pake, na kila mara nilijiambia kwamba leo nitamweleza. Tulimzika hajui. Mashine haikukosea. Ilionyesha kilichokuwamo tumboni, na mimi nilikijua kabla haijawashwa.