Benchi Moja na Mama Mkwe

Mukhwana, fundi wa mabati wa mtaa wa Manyatta, Kisumu, hakuwa mwoga. Alitembea juu ya mapaa yaliyooza kama mtu anayekwenda dukani. Kitu kimoja tu kilimtoa jasho: mama mkwe wake.

Si kwamba mama huyo alikuwa mkali. Ni desturi tu. Kwa Wabukusu, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hamshiki mkono, hataji jina lake, na akimwona njiani hujitosa hata kwenye mahindi ya watu. Kule Bungoma jambo hilo ni rahisi, maana mahindi ni mengi. Kliniki ya presha mjini Kisumu haina mahindi. Ina benchi moja.

Mama mkwe alikuwa amehamia Otonglo, viungani mwa mji, kwa mwanawe Waliaula baada ya kufiwa na mumewe, na presha akaja nayo, ugonjwa ule ule aliokuwa nao Mukhwana. Jumanne ya kwanza walipokutana kliniki, mama alijifunika leso kichwa kizima. Mukhwana aligeukia ukuta akasoma bango la kunyonyesha, kwa makini, kana kwamba linamhusu. Moyo ulimwenda mbio. Muuguzi Adongo alipompima, mashine ilipanda mpaka akaigongagonga akidhani imeharibika.

"Mzee, chumvi uliacha kweli?"

"Niliacha, sista."

"Na pombe?"

"Nasikia tu harufu kwa jirani."

Alisema kweli. Mkewe Naswa alimpikia mboga zisizo na chumvi, na kila jioni alitembea hadi Kondele na kurudi kama alivyoagizwa. Lakini daktari huamini mashine. Akaongeza dawa.

Mukhwana akahamia kliniki ya Alhamisi. Mama mkwe, mtu wa heshima zake, naye akawaza hivyo hivyo. Wakakutana Alhamisi. Mukhwana akakimbilia Ijumaa, mama naye Ijumaa. Ungedhani wanachumbiana. Kila mara mashine ilipanda, na kila mara daktari aliwaongezea dawa wote wawili. Na angemwelezaje daktari, ilhali mama mwenyewe kaketi pale anasikia, na kumtaja ni matusi?

Nyumbani, ambako hapakuwa na mama mkwe, dawa hizo zote zilikosa la kushusha isipokuwa Mukhwana mwenyewe. Akisimama, dunia inazunguka. Siku moja juu ya paa la kanisa aliona mabati yakielea, akalala kifudifudi akikumbatia mbao za kenchi hadi wenzake wakamteremsha kwa kamba. Naswa alilia.

"Baba Brandon, hiyo dawa itakumaliza mbele ya ugonjwa."

Sasa Mukhwana aliogopa kweli. Hakutaka kufa. Kuacha dawa nako aliogopa, kwa sababu kaka yake aliziacha, akaanguka shambani asiinuke tena.

Ijumaa iliyofuata jina lake likaitwa. Akainuka upesi ili ampite mama mkwe bila kumgusa, na miguu ikamkatalia. Aliyemdaka alikuwa mama mkwe huyo huyo. Alimlaza sakafuni, akaketi, akaipakata miguu yake, viatu na vyote, huku uso kaugeuzia ukutani.

"Sista, mpime sasa hivi," akasema.

Adongo akapima. Presha ilikuwa chini mno.

"Mama, huyu ni nani yako?"

"Ni bwana ya msichana yangu."

Adongo akajishika kichwa. "Woi! Kumbe wewe ni maro, mama mkwe wake! Hata sisi Wajaluo mama mkwe hatukai naye hivi. Miezi yote hii tunawapima mkiogopana?"

Daktari akatoka mbio, akasikiliza, akapunguza dawa za wote wawili papo hapo, akaagiza wapimwe siku tofauti, tena kila mmoja apimwe na nyumbani kwake. Mukhwana alikuwa bado sakafuni. Aibu ilimchoma, lakini zaidi ya aibu alijisikia kupendwa, na machozi yakamtoka.

"Sista," akanong'ona, "mwambie Mama anisamehe."

"Mwambie," mama akauambia ukuta, "mbuzi ya kuosha hii aibu ataleta akipona. Kwanza apone. Nilipatia msichana yangu bwana, sikumpatia kaburi."

Adongo, aliyekuwa amepiga magoti katikati yao, akamfikishia Mukhwana maneno hayo neno kwa neno, ingawa mwenyewe alikuwa ameshayasikia. Alipofika kwenye neno kaburi, akajifuta macho kwanza, ndipo akamalizia.