Bango Kwenye Nyasi za Kocha

Sogea karibu nikueleze taratibu, maana bado nina hasira na sitaki kukuchanganya.

Kocha wa timu ya chuo alikuwa jirani yangu hapa ughaibuni, mjini Coon Rapids. Mpira wao ni ule wa kuvaa helmeti na kukimbia na mpira mkononi. Nilipohamia sikuuelewa hata kidogo. Yeye ndiye aliyenifundisha, kwa kupanga viazi juu ya meza ya jikoni kwangu: hawa wanalinda, hawa wanavunja. Nikawa shabiki wa kupiga kelele.

Msimu wake wa mwisho timu ilifungwa mfululizo. Alikuwa ameshaanza kuumwa, ila hakutaka itangazwe. Jumapili moja mchana wanaume watatu walishuka kwenye gari wakachomeka bango kwenye nyasi zake: NYUMBA INAUZWA. Ndivyo mashabiki wa huku wanavyomwambia kocha afungashe virago. Wakapiga picha, wakacheka, wakaondoka. Mkewe alitoka na kandambili kuling'oa, nikamsaidia. Kocha alikuwa amesimama dirishani. Aliona yote.

Mwaka huu akafariki. Mashabiki walikusanyika kumkumbuka kwenye maegesho ya uwanja kabla ya mechi, majiko ya nyama yakifuka moshi, kipaza sauti kikipita mkono kwa mkono. Mjane alikaa kwenye kiti cha kukunja, mimi pembeni yake. Akasimama mmoja mwenye kofia ya timu, akalia: "Alikuwa baba yetu sote!" Kisha akaja amkumbatie mjane.

Nilimtambua. Mjane naye alimtambua. Aliubana mkono wangu mpaka ukauma.

"Wewe ndiye uliyeleta bango," nikamwambia.

Uso ukamwiva. "Ah, ule ulikuwa utani tu. Kocha mwenyewe angecheka."

"Hakucheka," mjane akasema.

Hapo nikawaka. Kwetu Tanzania, nikamweleza, utani una kazi zake. Mtani anaruhusiwa kumcheka hata marehemu, lakini ndiye huyohuyo anayechimba kaburi, anayechota maji, anayeosha masufuria wafiwa wapate kupumzika. "Kama wewe ni mtani, kazi yako iko palepale ulipochomeka bango. Majani makavu ya miti yamejaa. Njoo kesho."

"Naishi Burnsville. Ni mbali kidogo."

"Mbona mwaka jana haikuwa mbali?"

Mjane akafuta macho, akamwambia, "Njoo na reki yako. Ya kwetu imevunjika."

Akaapa atakuja. Hakuja. Tulizoa majani mjane na mimi kwa reki ya kuazima, na kila rundo nililisindikiza na tusi ambalo mama yangu hajui kama ninalijua.

Wewe unaweza kufanya vizuri kuliko yule bwana, wala si vigumu. Ukisikia amekufa mtu uliyewahi kumcheka, achana na kipaza sauti. Nenda nyumbani kwake, piga hodi, uliza masufuria machafu yako wapi, kunja mikono ya shati uoshe.