Kuta Zake, Paa Langu

Siku wazee wa ukoo walipokaa kututenganisha mimi na mume wangu, nilikuwa nimefanyia hotuba yangu mazoezi mbele ya mbuzi. Mbuzi walinisikiliza vizuri kuliko wazee. Shule niliiacha darasa la tatu. Mengine nilijifundisha kwa magazeti ya kufungia nyama, kwa hivyo nilijua sentensi nyingi nzuri ambazo mwisho wake ulikuwa umelowa damu.

Wazee walikata shauri upesi. Nyumba iko kwenye shamba la ukoo, basi ni ya mume. Mimi nichukue nguo, sufuria na mtoto wangu aliyekuwa bado ananyonya, nirudi kwa mama yangu, kijijini Kabati. Mchungaji wa kanisa letu, aliyeitwa kuomba, alitikisa kichwa kwa huzuni na kumaliza chai.

Hotuba yote ilinitoka. Nikasema tu, "Nyumba ibaki. Mimi nataka paa."

Walicheka. "Bibi, utajifunika paa kama blanketi?" mzee mmoja aliuliza.

"Mwacheni achukue," akasema mume wangu, ambaye hakupoteza mzaha hata tulipoachana. "Na mawingu aende nayo."

Sikuwa natania. Kuta zilikuwa zake: matofali aliyafyatua na kuyachoma mwenyewe. Lakini mabati yalitoka kwa mwethya, kikundi chetu cha akina mama. Tulilimiana mashamba, tukachimbiana matuta, na kila msimu mama mmoja akaezekewa nyumba, hadi zamu yangu ikafika. Sasa mvua za Novemba zilikuwa karibu, na chumba nilichopewa kwa mama yangu kilikuwa na kuta nne na nyota.

Mwenyekiti wa mwethya alikuwa mama mkwe wangu, aliyezoea kunitania kwamba nafagia hata vumbi la jirani. Nilimwogopa kuliko mvua. Mume wangu akamgeukia akitabasamu.

"Mwaitu, mama yangu, hebu waambie."

"Nitawaambia," alisema. "Mabati ya mwethya hufuata mama, hayafuati nyumba. Leo nikisema ya huyu ni ya kijana wangu, kesho ni mwanamke gani atatoka kwake aje kulima?"

"Na mimi nitalala wapi?" mume wangu akauliza.

"Nyasi ziko mtoni. Baba yako alilala chini ya nyasi, na wewe ukazaliwa."

Wazee walicheka tena, lakini safari hii hawakunicheka mimi. Paa likawa langu.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoamka. Misumari ilikuwa imenunuliwa na yeye! Niliwauliza wazee misumari tuigawe vipi; mzee mmoja akaomba maji ya kunywa. Siku ya kuezua niliiokota yote iliyokuwa imeng'olewa, nikainyoosha kwa nyundo juu ya jiwe, nikampelekea mume wangu ndani ya mkebe.

Akachungulia. "Asante. Na kutu yangu umerudisha yote?"

Nilichungulia mkebe na mimi kabla ya kujua kwamba ananitania.

Kisha akapanda juu mwenyewe, maana akina mama walikuwa wakiyavuta mabati na kupanua matundu. Aliyashusha moja moja, polepole. Ya mwisho akayashikilia. "Niachie haya mawili tu, ya juu ya kitanda."

Nakiri nilitaka kukubali. Nilikuwa nimempenda mtu yule, na kile kitanda kilikuwa wazi chini ya jua kama mgonjwa aliyesahauliwa. Lakini chumba changu nilikuwa nimekipima mara nyingi mno. Mabati yangetosha bila ziada, na yakipungua, atakayelowa ni mtoto.

"Hapana," nikasema. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, sikuongeza maelezo.

Tuliyabeba kichwani hadi Kabati, mama mkwe akiwa mbele.

"Mwaitu, na chakula cha jioni?" mwanawe alimwita kwa nyuma.

"Jiko umeachiwa!" alijibu bila kugeuka, kwa sababu mwenye bati kichwani hageuki.

Jioni nilikuwa bado niko juu ya chumba changu, nikilisogeza bati moja kulia, kisha kushoto, huku mama mkwe akinishikia ngazi.

"Shuka unyonyeshe," alisema. "Hilo liko sawa tangu saa tisa."

Nikashuka. Ndani kulikuwa na giza, lile giza zuri la chumba kilichofunikwa, na mtoto akasinzia kabla hajashiba.