Buti Chini ya Maji Moto

Kila Jumapili baada ya misa, mama muosha-mawe hunitangulia kwenye maji moto, kando ya barabara ya Sandoa. Wiki nzima huwaoshea wachimbaji madini, na kila jiwe analookota hulitemea mate, akalisugua kwa dole gumba kutafuta kijani cha shaba. Mawe ya hapa yeye hayatemei mate. Maji yenyewe ndiyo yameyajenga, tone kwa tone, meupe kama bukari, ugali wa hapa, iliyofurika sufuria, mengine kama uyoga, mengine kama sahani zilizopangwa. Huloweka vidole vyake vyenye nyufa, kisha huinama kupapasa buti la mpira alilotegesha chini ya mchirizi. Shimo la madini lilipoporomoka na mwanawe ndani, buti hilo tu ndilo lililotoka. Leo nikamuuliza anatafuta nini; akaniita tata, yaani baba.

"Jiwe. Angalia, tata, inafika sasa ku kisigino."

Kweli, ganda jeupe lilikuwa linapanda. Nikamwambia itachukua miaka kulifunika buti lote. Akafuta mikono kwenye kitenge, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Kule udongo ilimufunika mara moja, na mi sikukuwa pale. Huku maji inamufunika polepole, na mi niko."